Mzee Aulizwe Mwenyewe

Somo: Mwanzo 48:1–20

Leo twataka kusema juu ya jambo lililokwisha kuingia katika nyumba nyingi hapa Keumbu, na Kisii na Nyamira yote. Mzazi ameonekana ana saratani iliyokwisha kuenea. Daktari ameuliza kama apasuliwe au asipasuliwe. Je, watoto wafanye nini?

Somo letu latuonyesha Yusufu, mtu mkubwa katika nchi ya Misri, mwenye kazi nyingi. Alipopata habari kwamba baba yake ni mgonjwa, hakutuma fedha peke yake, wala hakumtuma mtumishi. Alikwenda mwenyewe, akawachukua na wanawe wawili, Manase na Efraimu. Naye mzee Yakobo, alipoambiwa mwanawe amefika, alijikaza akaketi kitandani. Mgonjwa yule alikuwa na neno la kusema. Tutamrudia baadaye.

Baba yangu alikuwa mkulima wa majani chai na ndizi upande huu wetu wa Keumbu. Mwaka 2016 alianza kuacha tonge la ugali wa wimbi sahanini. Alisema lamkwama, akawa akiliteremsha kwa maji. Baada ya muda akauacha ugali, akala ndizi zilizopondwa. Kisha akawa mtu wa uji tu. Mwishowe hata uji ukawa ukirudi. Sisi tulidhani ni vidonda vya tumbo. Jirani mmoja alinong'ona kwamba mzee amelishwa kitu. Hivyo miezi minne ikapita bure.

Tulipomfikisha hospitali, aliingizwa kamera ndogo kupitia kinywani, kikakatwa kinyama kidogo kikapimwe. Jibu likaja: saratani ya umio, yaani ile njia iteremshayo chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Ndugu zangu, ugonjwa huu si mgeni kwetu. Katika magharibi ya Kenya na Bonde la Ufa ni miongoni mwa saratani zinazoonekana sana. Tumbaku na pombe zimetajwa kuwa baadhi ya sababu zake. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vyenye moto wa kupita nyuzi 65 yaelekea huchangia pia. Basi chai na uji na vipoe kidogo. Tena ugonjwa huu hujificha. Umio hutanuka, kwa hiyo mtu haoni shida mpaka uvimbe umekuwa mkubwa. Ndiyo sababu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Mtu akianza kukwamwa na chakula kigumu, asingoje hata wiki tatu. Wala familia isimtafute mchawi. Aende apimwe.

Sasa nitaungama kosa letu. Ndugu yangu mkubwa alitoka Nairobi, tukaketi chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, sisi watoto na mjomba. Tuliamua baba apasuliwe kifua, umio wote uondolewe. Ng'ombe wawili wauzwe, kipande cha shamba kikodishwe, na harambee iitwe. Baba alikuwa ndani. Alisikia sauti zetu, asisikie maneno. Nami nikapewa kazi ya kumwambia kwamba ana kidonda tu. Mimi, mzee wa kanisa, nilikwenda nikamwambia baba yangu uongo, tena kwa sauti ya upole. Niliudumisha uongo ule wiki tatu.

Ni daktari aliyetufumbua macho. Alituambia hawezi kumpasua mtu asiyejua kwa nini anapasuliwa. Akatufundisha mambo ambayo nataka kila nyumba iyajue.

Alisema kupasuliwa si jambo moja. Kuna kisu cha kuuondoa ugonjwa wote, na hicho hufaa ukiwa ungali mahali pamoja na mwili una nguvu. Mtu wa namna hiyo asisitesite, maana aweza kupona. Kuna kisu cha kupunguza taabu tu, kama kumwekea mgonjwa mpira wa kumlishia tumboni. Tena kuna msaada usiohitaji kufungua kifua, nao ni stenti, kijibomba cha waya uliosukwa. Huteremshwa kupitia kinywani, kikafika penye uvimbe, kikatanuka na kuifungua njia. Stenti haiponyi saratani. Kazi yake ni kumrudishia mtu kumeza.

Hapa karibu nasi, ukishika njia ya Keroka na Sotik hadi Bomet, iko hospitali ya misheni ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937. Madaktari wake wamewawekea stenti mamia ya wagonjwa wa umio, na mwaka 2009 matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa katika jarida kubwa la madaktari wa saratani duniani. Watu waliokuwa wakimeza kwa taabu kubwa waliweza kula tena vyakula laini. Nayataja haya ili mtu asidhani kwamba ni kisu, au sivyo hakuna la kufanya.

Basi daktari akitaja kupasua, muulizeni maswali manne, na mgonjwa awepo akisikia. La kwanza: Kupasua huku ni kwa kuponya, au ni kwa kupunguza taabu? La pili: Tusipopasua, yatakuwaje, na kuna njia gani nyingine? La tatu: Atakaa kitandani siku ngapi, na ni hatari gani kwa mtu wa umri wake na udhaifu wake? La nne: Baada ya hapo ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi? Yaandikeni majibu. Aliyejaa hofu husahau nusu ya aliyoambiwa kabla hajafika langoni.

Jioni ile tuliketi na baba, nikamwambia ukweli. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nilijua. Nilikuwa nikingoja mmoja wenu aniambie." Siku ya pili alimwuliza daktari mwenyewe kama kisu kitaumaliza ugonjwa. Daktari akasema la, kwa kuwa picha zimeonyesha umefika kwenye ini. Akauliza kama bila kisu ataweza kunywa uji nyumbani kwake. Daktari akasema kwa stenti yawezekana. Baba akachagua hiyo.

Ndugu yangu mkubwa alikasirika. Alisema tumekata tamaa, na kwamba watu watasema tulimwacha mzee kwa ajili ya ng'ombe. Sikumlaumu, wala leo simlaumu. Hasira yake ilikuwa ni upendo usiojua pa kwenda. Aliye mbali na nyumbani mara nyingi hutaka lile jambo kubwa kuliko yote, apate kulipa siku ambazo hakuwapo.

Sasa turudi kwa Yakobo. Yusufu aliwaweka wanawe mbele ya babu yao kwa mpango wake, mkubwa upande wa kuume. Mzee akaipishanisha mikono, akauweka wa kuume juu ya mdogo. Yusufu hakupendezwa. Akaushika mkono wa baba yake auondoe, akidhani macho ya uzee yamekosea. Lakini mzee alikataa, akamjulisha mwanawe kwamba alijua alitendalo.

Wapendwa, ni mara ngapi sisi watoto tumeushika mkono wa mzazi mgonjwa ili tuuweke tunapotaka sisi? Twasema hajui, hajasoma, amedhoofika. Kumbe anajua. Hata Bwana wetu, alipoletewa Bartimayo kipofu, alimwuliza kwanza anataka atendewe nini, ijapokuwa kila mtu pale barabarani aliona kwamba yule ni kipofu. Ikiwa Yesu aliuliza, sisi ni nani tusiulize? Kumheshimu baba na mama hakuishi siku cheti cha daktari kinapotoka.

Wengine huuliza: Je, kukataa kisu si kukosa imani? Na wengine: Je, kukubali kisu si kukosa imani? Yote mawili yaweza kufanywa kwa imani. Mwombeeni mgonjwa uponyaji, tena mpeni ukweli.

Na atakayechagua kutopasuliwa asiachwe. Kazi ya watoto ndipo huanza. Mwenye stenti hula laini: uji, ndizi zilizopondwa, mboga zilizoiva sana, kidogo kidogo, akinywa maji katikati. Asipewe nyama ngumu, nayo mito iinuliwe kichwani alalapo. Chakula kikianza kukwama tena, arudishwe hospitali. Maumivu yakizidi, mwulizeni daktari juu ya mofini ya kunywa. Wengine huiogopa wakidhani ni dawa ya kumwua mtu. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, humfanya mgonjwa alale usiku na kuongea na watu mchana. Huduma hii ya kutuliza maumivu imekuwapo nchini tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990, na hospitali nyingi sasa zinayo. Kuhusu fedha, bima ya SHA iliyochukua mahali pa NHIF mwaka 2024 hulipia matibabu ya saratani hadi kiasi fulani kwa mwaka. Ulizeni hapo kwanza kabla ya kuuza ng'ombe.

Nanyi washirika, msimjie mgonjwa kumi kwa pamoja na nyimbo ndefu. Njoni wawili, mkate kuni, mteke maji, mumshikie mama zamu ya usiku moja apate kulala.

Baba aliishi miezi saba. Haikuwa miezi rahisi. Lakini aliketi katika kiti chake, akanywa uji wake wa wimbi, akawaonyesha wajukuu mpaka wa shamba. Ndugu yangu alikuja kila mwisho wa mwezi, akawa yeye ndiye amnyoaye ndevu. Mimi nilimwomba baba msamaha kwa zile wiki tatu. Alinisamehe, lakini wiki zenyewe hazikurudi.

Msikilizaji, kama mzazi wako yu mgonjwa leo, usiyamalize maneno chini ya mparachichi. Ingia ndani, vuta kiti, umwulize.

Na tuombe. Ee Baba wa mbinguni, uwatie nguvu wazazi wetu walio vitandani. Utupe sisi watoto ujasiri wa kusema kweli na subira ya kusikiliza. Uwaongoze madaktari na wauguzi. Na ndugu waliokosana juu ya kitanda cha mgonjwa, uwapatanishe kungali mapema. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.