Mnara mmoja, kazi ya kiwanda kizima

Changanya methanoli na asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali wake. Ongeza asidi ya salfa kidogo iwe kichocheo. Utapata maji na asetati ya methili, kiyeyusho kinachotumika kwenye rangi na gundi. Rahisi, sivyo?

Tatizo ni kwamba mmenyuko huu unakwenda na kurudi. Asetati na maji vikishaongezeka, navyo vinaanza kuungana na kurudi vilikotoka. Ukianza na moli sawa za kila kimoja, utakwama kwenye takriban theluthi mbili, hata usubiri wiki nzima.

Sasa jaribu kuutenganisha mchanganyiko huo. Ukenekaji, kanuni ileile anayoitumia mpika gongo, hutegemea tofauti za joto la kuchemka: asetati nyuzi 57 za Selsiasi, methanoli 65, maji 100, asidi asetiki 118. Lakini asetati ikiwa na maji au methanoli hufika mahali ambapo mvuke na kimiminika vina mchanganyiko uleule. Hapo hata uchemshe vipi, hupati kitu safi. Ndiyo maana mbinu ya zamani ilihitaji msururu wa minara, kila mmoja ukila nishati yake.

Mwaka 1983, kampuni ya Eastman huko Kingsport, Tennessee, Marekani, ilianza kufanya yote hayo ndani ya mnara mmoja. Asidi asetiki huingia karibu na kilele na kushuka. Methanoli huingia upande wa chini na kupanda ikiwa mvuke. Vikikutana njiani, vinamenyuka. Asetati hutokea juu, maji hutokea chini, kwa hiyo mmenyuko haupati nafasi ya kurudi nyuma. Asidi inayoshuka ina kazi nyingine pia: huyanyonya maji yaliyoing'ang'ania asetati. Gharama za ujenzi na nishati zilishuka hadi karibu moja ya tano ya mbinu ya zamani.

Mbona basi viwanda vyote havifanyi hivi? Kwa sababu mnara mmoja una shinikizo moja. Mmenyuko unaotaka nyuzi 250 hauwezi kukaa pamoja na utenganishaji unaofanyika kwenye nyuzi 60. Hivyo ukichora mchoro wa kiwanda, kabla hujaweka tangi hapa na mnara pale, linganisha kwanza hali ya joto na shinikizo ya kazi zote mbili. Zikikaribiana, huenda hilo tangi hulihitaji kabisa.