Pikipiki ya Nne

Siku hizi pikipiki imeingia kila pembe ya Kenya. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, zile ambazo injini yake haifiki 250 cc, na tangu hapo chombo hiki kimeenea hata penye njia ambazo motokaa haipiti. Huko kwenu Mwea, Perkerra au Bura hubeba mbolea asubuhi na mazao jioni. Siku ya Jumamosi hubeba mama na watoto. Habari hii yahusu kazi hiyo ya Jumamosi, nasi tutaitazama kwa njia za Hadado, magharibi ya mji wa Wajir, maana huko kosa dogo la safari huonekana mapema kuliko penye mfereji wa maji karibu.

Hadado ni mji mdogo katika nchi ya wafugaji. Nyumba moja ya jamaa yaweza kuwa mjini, karibu na shule na duka. Nyingine ni aqal, nyumba ya fito na mikeka ambayo hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Mvua ikinyesha upande huu, ngamia huhamia upande huu. Ikikosa, huenda mbali zaidi. Katika ukame ulioanza mwaka 2020, mvua za misimu mitano zilipungua mfululizo, wanyama wengi wakafa na waliobaki wakapelekwa mbali. Kisha mwisho wa mwaka 2023 yakaja mafuriko, barabara zikakatika. Kwa hiyo mtoto wa shule anaweza kukaa muda mrefu bila kumwona adeer wake, yaani baba yake mdogo au mkubwa, wala kujua ngamia yupi amezaa. Ndipo jamaa hupanga kwenda pamoja, pikipiki kadhaa zikifuatana.

Tuseme safari ni yako. Ninyi ni watu saba: wewe, mke wako, mama yako mzee, wadogo zako wawili wanaojua kuendesha, na watoto wawili wa miaka 10 na 12. Mna pikipiki tatu. Waendeshaji ni watatu, na abiria wanne. Basi abiria mmoja hana mahali. Watu wengi hapo humbana mtoto katikati, kati ya mwendeshaji na mama, na safari huanza kwa kicheko.

Usifanye hivyo. Sheria ya Kenya yaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya mwendeshaji, nayo haikutungwa ili kuwatajirisha askari wa barabarani. Uzito ukizidi nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi. Penye mchanga wa laga, ule mto mkavu, gurudumu jepesi huyumba, na breki haishiki kama ulivyozoea. Anayerushwa mbali ni yule asiye na pa kushika wala pa kukanyagia, naye ni mtoto. Kodi pikipiki ya nne pamoja na mwendeshaji wake. Ikiwa fedha hazitoshi, mtu mmoja na abaki mpaka Jumamosi nyingine. Na mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio hana kiti juu ya pikipiki hata kidogo. Huyo abaki na shangazi, au mngoje motokaa.

Sasa watu ni wanane, basi sharti helmeti ziwe nane. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi mwaka 2008 waliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Twaona mara nyingi helmeti moja tu, nayo iko kichwani mwa baba. Tena helmeti isiyofungwa kamba ni sawa na kikapu.

Neno kwa akina mama. Shela na nguo ndefu hupeperuka, zikaingia katika cheni au tindi za gurudumu, zikamvuta mtu chini. Kusanya nguo, ikalie, uifunge vizuri kabla injini haijawaka. Mwonyeshe mtoto bomba la moshi, umwambie ashuke upande usio na bomba, maana laweza kumchoma mguu vibaya.

Ondokeni baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijakuwa kali. Maji yapimwe kwanza, petroli baadaye. Lita 4 kwa kila mtu kwa siku si nyingi. Watu wanane ni lita 32, yaani kilo 32, nazo zigawanywe katika pikipiki zote nne, zikae chini pande mbili. Petroli ya akiba isitiwe kamwe katika chombo kinachofanana na cha maji. Mtoto mwenye kiu hanusi kwanza.

Njia za porini hugawanyika mara nyingi, na simu haishiki kila mahali. Kwa sababu hiyo mpangilio ni huu: anayembeba bibi atangulie na kuweka mwendo, wala asipitwe. Fundi, mwenye spana, pampu, viraka na gundi, awe wa mwisho. Kila mmoja acheni nafasi mpaka vumbi la aliye mbele litulie. Kila njia panda, simama mpaka umwone aliye nyuma yako. Asipotokea, usiendelee, nyote mtarudi kumtafuta.

Mkifika laga yenye maji, zimeni injini. Maji hayo yaweza kutoka mvua iliyonyesha mbali sana, ninyi juu yenu mbingu ni safi, nayo huongezeka ghafula. Ngojeni, hata ikiwa ni nusu siku. Udongo mweusi nao, ambao watu wa Mwea waujua sana, hujaa chini ya madigadi baada ya mvua mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Abiria washuke watembee. Mkikuta ngamia njiani msipige honi. Simameni wapite, mchungaji atawaambia wenyewe njia ya mbele ikoje.

Kurudi ni Jumapili, mapema kiasi cha kuingia Hadado kabla ya magharibi. Hapo jaribu la pili hutokea: adeer atataka kuwapa mtungi wa maziwa ya ngamia, nao ni mzito. Mpeni yule mwendeshaji wa kukodi aufunge nyuma yake. Abiria wake, kama ni mmoja wa wale watoto, huenda akafurahi kubaki na ngamia; lakini Jumatatu ni shule, kwa hiyo maziwa ndiyo yangoje safari nyingine.