Kichocho na Masomo ya Mtoto: Mama na Mwalimu Washauriane

Leo nazungumza hasa na akina mama na walezi wa Garsen, Ngao, Hola na vijiji vyote vya kando ya Mto Tana, ambako watoto huteka maji, huogelea na kunywesha mifugo.

Kuna mtoto ambaye mwalimu humlalamikia kila siku. Anasinzia darasani, hashiki anachofundishwa, alama zake zinashuka. Mama yake naye anajua jambo ambalo mwalimu halijui: mtoto huyo akikojoa huumwa, na matone ya mwisho yana damu. Mwalimu anamwona mvivu. Mama anadhani ni joto, au ni dalili ya mvulana kukua, kama wazee wengine walivyokuwa wakisema. Kila mmoja ana nusu ya habari, na hawajaonana tangu siku ya kumwandikisha mtoto. Ugonjwa wenyewe ni kichocho.

Kichocho huletwa na minyoo midogo. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa majini, mayai hutoka na mkojo, yakaanguliwa, na vijidudu vikaingia ndani ya konokono wadogo wanaoishi katika maji yaliyotulia. Baada ya wiki kadhaa vijidudu vingine hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya yeyote aliyesimama majini, dakika chache tu, bila yeye kuhisi lolote. Mamba tunamwogopa kwa kuwa tunamwona, hawa hatuwaoni. Minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, na inaweza kuishi humo miaka kadhaa. Mtoto hupoteza damu kidogo kidogo, huchoka, na akili yake haitulii kwenye masomo.

Kwetu hapa konokono hawakosi pa kukaa. Kuna mifereji ya mashamba, kama ile ya Hola ambako kilimo cha umwagiliaji kilianza mwaka 1953, na kuna madimbwi yanayobaki mto unapofurika. Mwaka 2024 mafuriko yalifanya muhula wa pili ucheleweshwe nchini kote hadi tarehe 13 Mei. Maji yakipungua, watoto hurudi shuleni, lakini pia hurudi kuogelea madimbwini.

Basi mama, ukiona damu kwenye mkojo wa mtoto, mpeleke kituo cha afya mkojo ukapimwe. Dawa ipo, nayo hutolewa kulingana na uzito au urefu wa mtoto. Kisha nenda shuleni ukamwambie mwalimu wa darasa. Najua akina mama wengi huogopa kuitwa shuleni, maana wanaona mzazi huitwa kwa habari ya pesa tu au makosa. Usingoje kuitwa. Kama Kiswahili kinakupa shida, nenda na jirani au shangazi wa mtoto akusemee kwa Kipokomo au Kiorma. Mwalimu akijua, atampa ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara na kumrudishia masomo aliyokosa. Kumchapa si dawa, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 imekataza viboko shuleni.

Kwa msichana, tafadhali, tuwe waangalifu zaidi. Kichocho kinaweza kuathiri njia ya uzazi, kikaleta maumivu, uchafu na damu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa wa zinaa. Binti wa namna hiyo huacha shule kwa aibu. Mama na mwalimu wa kike wakizungumza naye faraghani, wakampeleka apimwe, ataokoka na fedheha asiyostahili.

Mpango wa serikali wa kutoa dawa za minyoo shuleni ulipanuliwa mwaka 2012, Pwani ikiwemo. Mwalimu akitangaza siku ya dawa, mlishe mtoto kwanza, hata kama ni uji tu, kwa sababu dawa ya kichocho ikimezwa tumbo likiwa tupu humsumbua mtoto kwa kichefuchefu na kizunguzungu. Wazazi wengine wakiona hivyo hudhani mtoto amepewa sumu, na mara ya pili wanamficha. Ikiwa mtoto yuko malishoni na ng'ombe siku hiyo, mjulishe mwalimu mapema, kisha umuulize mhudumu wa afya wa kijiji ni wapi atapata dawa yake.

Mtoto aliyetibiwa akirudi majini huambukizwa tena. Vijidudu hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile watoto wanapotoka shuleni kwa chakula cha mchana, kwa hivyo hapo mwalimu na mzazi inafaa wakubaliane nani anawaangalia njiani. Maji ya kuoga yakae siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa, vijidudu vitakufa. Na choo cha shule kikibomoka, lisemeni jambo hilo kwenye mkutano wa wazazi, akina baba pia wakiwepo, kwa maana watoto wasio na choo watakwenda mtoni.