Ngoma za Wasukuma: kwa nini kikundi hakikui bila mpinzani

Ukipita vijiji vya Shinyanga kati ya Juni na Agosti, utakuta uwanja umejaa watu na ngoma zinapigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ni msimu wa baada ya mavuno, na hayo ni mashindano.

Kwa Wasukuma, kikundi cha ngoma kwa kawaida huwa upande wa Bagika au wa Bagalu. Chanzo chake, kama wazee wanavyosimulia, ni waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi. Hakuna jaji anayetoa alama. Vikundi viwili hucheza papo hapo, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Watazamaji wakikimbilia ng'ambo, umeshindwa, na kila mtu ameona.

Ndiyo maana manju, yaani mtunzi na kiongozi, hawezi kurudi na nyimbo za mwaka jana. Hutafuta vituko vipya: majembe yanayorushwa juu na kudakwa, hata chatu mzima begani.

Lakini mashindano peke yake hayalishi kikundi. Zamani shamba ndilo lililolisha. Bugobogobo ilikuwa ngoma ya kulimia: wapigaji wanapiga, vijana wanalima kwa mstari kufuata mdundo, na mwenye shamba analipa kwa pamoja. Mazoezi na kipato vilikuwa kitu kimoja. Plau ya ng'ombe ilipunguza kazi hiyo.

Kisha ikaja dhahabu. Kijana aliyeshuka kwenye duara huko Geita hulipwa mgawo wa mawe yakipatikana, na hajui yatapatikana lini. Huwezi kumpangia mazoezi ya Jumamosi.

Vikundi vingi sasa hutegemea harusi na mikutano ya kampeni. Malipo yapo, ila ni dakika chache jukwaani, bila mpinzani. Nyimbo zilezile zinatosha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ngoma inapodumaa. Tofauti ni Bulabo, tamasha la kila Juni huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, lililoanzishwa na Padri David Clement miaka ya 1950. Pale Bagika na Bagalu bado wanagombea umati.

Anayetaka kuanzisha kikundi Katoro au Kahama huanza kwa kutafuta ngozi na wapigaji. Amtafute pia wa kushindana naye, na apange tarehe mapema, kabla vijana hawajashuka shimoni.