Bwambale wa Bwera, Kambale wa Kasindi: jina lipi liende kwenye karatasi?

Na Mwandishi Wetu, Bwera

Katika simu yangu wamo Bwambale wanne. Yupo Bwambale Boda, Bwambale Maharage, Bwambale Mrefu, na mmoja niliyemhifadhi kwa jina la Bwambale tu, kwa kuwa siku tulipokutana sikujua kwamba wengine wangefuata. Hivi karibuni nilitaka kumlipa Bwambale Mrefu shilingi 180,000 za Uganda, fedha ya gari lililonitoa Kasese mjini hadi Mpondwe. Zikaenda kwa Bwambale Maharage. Kosa lilikuwa langu. Simu ilinionyesha jina la mpokeaji kabla sijaweka namba ya siri. Nikaliona neno Bwambale, nikaridhika, nikabonyeza.

Fedha zilirudi siku ya tatu, pungufu ya makato. Bwambale Maharage alipokuja kunisalimia alinicheka kidogo, kisha akasema, "Kaka, huku usisome Bwambale. Soma lile linalofuata."

Nimekuwa nikiufikiria ushauri huo kila ninaposimama karibu na daraja la mto Lhubiriha siku za soko, Jumanne na Ijumaa, nikitazama maharage, mchele na chumvi ya Katwe vikielekea Kasindi, na mawese, mbao na vitenge vikija upande huu. Kila mzigo una mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Shida ni kwamba fomu tunazojaza zilitengenezwa kwa majina ya namna nyingine kabisa.

Kwa Wabakonzo, ambao ndio wengi katika wilaya ya Kasese, jina la kwanza analopewa mtoto halimtaji babu wala ukoo. Linataja zamu yake ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Baluku au Mumbere. Wa pili ni Bwambale. Wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Wasichana wana mstari wao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu, Kyakimwa. Ukikutana na Muhindo, ujue alizaliwa baada ya mfululizo wa watoto wa jinsia nyingine. Jina linasema mambo yamegeuka.

Kwa hiyo mtu akijitambulisha kuwa ni Kule, umeshajua kwamba ana kaka watatu waliomtangulia duniani. Ni habari nzuri, na kwa mgeni ni njia ya haraka ya kuanzisha mazungumzo. Lakini haikuambii ni Kule wa nani.

Hesabu yake ni rahisi. Kila nyumba yenye mtoto wa kiume ina Baluku au Mumbere. Kila nyumba yenye wavulana wawili ina Bwambale. Ndungo hapatikani mpaka nyumba ifikishe wavulana saba. Ndiyo maana sokoni ukiita "Baluku!" wanageuka watu wengi, na ukiita "Ndungo!" huenda akageuka mmoja au asiwepo. Sensa ya mwaka 2014 iliwapata watu karibu 700,000 katika wilaya hii. Si wote Wabakonzo. Wapo Wabasongora, na wapo Wabanyabindi wenye desturi yao ya empaako, majina ya heshima na upendo ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hata hivyo, ukigawa wavulana wa Kikonzo katika majina saba au manane ya zamu, utaelewa kwa nini simu yangu imejaa.

Sasa njoo kwenye kile kisanduku cha kwanza cha fomu, cha jina la ukoo. Kisanduku hicho kina historia yake, na historia yenyewe ni ya Uingereza. Kwa bahati Kasese ina mfano mzuri wa kuielezea, tena juu kabisa: Omusinga wa Rwenzururu, mfalme ambaye utawala wake ulitambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009, anaitwa Charles Wesley Mumbere.

Mumbere tumeshaliona: ni zamu ya kuzaliwa. Wesley ni jina la ukoo la Kiingereza. Limetokana na mahali. Neno la zamani la Kiingereza la magharibi liliunganishwa na neno lililomaanisha uwazi katika msitu au uwanda wa malisho, na vijiji kadhaa vikaitwa Westley. Kimojawapo kipo Suffolk hadi leo. Mtu aliyehama kutoka huko aliitwa kwa alikotoka, kama sisi tunavyosema Bwambale wa Kasindi. Tofauti ni kwamba kwao jina hilo lilishikamana na watoto, na watoto wa watoto, hata wale ambao hawakuwahi kukiona kijiji chenyewe.

Waingereza hawakuzaliwa na desturi hiyo. Kabla ya Wanormani kuivamia nchi yao mwaka 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Majina ya kurithishana yalienea polepole, na kufikia karibu mwaka 1400 Waingereza wengi walikuwa nayo. Kodi na kumbukumbu za mashamba ziliyatia nguvu, kwa sababu karani hawezi kudai kodi kwa John bila kujua ni John yupi. Mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi katika daftari. Kilichokuwa jina la kazi kikawa jina la familia: Smith, jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Uingereza, maana yake ni mhunzi, ingawa wengi wanaolibeba leo hawajawahi kushika nyundo.

Na hata kwao tahajia ilikuwa ikiyumba. Yule jenerali aliyemshinda Napoleon, Duke of Wellington, alizaliwa mwaka 1769 akiitwa Arthur Wesley. Familia yake ilibadili maandishi kuwa Wellesley mwaka 1798. Kwa hiyo ndugu yangu wa Bwera anayeambiwa kwenye dirisha kwamba jina lake "halilingani" kwa sababu ya herufi moja asijione wa ajabu.

Wesley lingebaki jina la familia chache za Kiingereza kama si ndugu wawili, John Wesley aliyezaliwa 1703 na mdogo wake Charles aliyezaliwa 1707, walioanzisha vuguvugu la Wamethodisti. Charles alitunga maelfu ya nyimbo za kanisa ambazo bado zinaimbwa, nyingine katika tafsiri za lugha zetu. Waumini wakaanza kuwapa watoto jina hilo kama jina la ubatizo, na likahama kutoka mwisho wa jina hadi mwanzo au katikati. Kama Isaya Mukirane, mwalimu wa shule aliyeongoza harakati za Rwenzururu tangu 1962 hadi kifo chake mwaka 1966, alimfikiria mtunzi huyo alipompa mwanawe majina ya Charles na Wesley, ni jambo la familia. Linaloonekana wazi ni kwamba jina la ukoo la Kiingereza lilipofika mlimani halikuwa la ukoo tena.

Si jambo geni katika eneo hili. Mwinjilisti Apolo Kivebulaya, aliyefika Mboga upande wa Kongo mwaka 1896, alizaliwa Buganda akiitwa Waswa, jina la pacha. Apolo alilipata kwa ubatizo. Kivebulaya, linalomaanisha kitu cha kutoka Ulaya, alilipata kwa sababu ya koti jekundu alilopenda kuvaa. Pacha, ubatizo na koti: majina matatu, na hakuna hata moja linalotaja ukoo wake.

Sisi tukachukua kisanduku cha Waingereza bila kuchukua desturi yake. Karani wa upande wa Uganda huliandika jina la zamu kwenye nafasi ya ukoo, na la ubatizo kwenye nafasi nyingine. Matokeo yake, ndugu watatu wa tumbo moja, Baluku, Bwambale na Masereka, kwenye kompyuta wanaonekana kama watu wa koo tatu, na Bwambale wawili wasiojuana wanaonekana kama ndugu. Utamkuta pia mwanamke anayeitwa Bwambale. Huyo amechukua jina la mume kwa mtindo wa Kiingereza, kwa sababu hakuna msichana anayezaliwa akiwa mvulana wa pili.

Upande wa pili wa daraja mambo yanabadilika tena. Mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wabelgiji katika makubaliano ya mwaka 1910, ukawaacha Wabakonzo huku na ndugu zao Wanande kule. Majina ya zamu yakabaki yaleyale kwa lafudhi nyingine. Baluku wa Bwera ni Paluku wa Beni. Bwambale ni Kambale, Masereka ni Kasereka, Kule ni Kakule, Thembo ni Katembo. Biira ni Kavira, Mbambu ni Kahambu, Ithungu ni Katungu. Masika na Mbusa hawabadiliki. Mwanasiasa wa Kivu Kaskazini Antipas Mbusa Nyamwisi angefika Kasese na kueleweka mara moja kuwa ni mvulana wa sita.

Kisha ikaja serikali ya Mobutu. Mwaka 1972 aliwataka raia wa Zaire waache majina ya kigeni, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré na kuwa Mobutu Sese Seko. Majina ya ubatizo yalirudi baadaye, lakini mpangilio ulishabadilika. Karatasi za Kongo, ikiwemo kadi ya mpiga kura ambayo wengi huitumia kama kitambulisho, zina nafasi tatu: jina, jina la pili, na la ubatizo mwishoni. Kitambulisho cha Uganda kina jina la ukoo na majina mengine. Mtu yuleyule, akisomwa na makarani wawili walio umbali wa kutupa jiwe, anaweza kutoka na majina mawili.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kina mahali pa jina la mwenye mzigo. Chukua mfanyabiashara wa Bwera ambaye wateja wa Kasindi wamezoea kumwita Kambale. Cheti kinasema Bwambale, stakabadhi ya muuzaji inasema Kambale, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la ubatizo peke yake. Hakuna aliyedanganya. Lakini afisa aliyetoka mkoa mwingine, asiyejua kwamba Kambale na Bwambale ni kitu kimoja, ana karatasi tatu za watu watatu. Mzigo unalala. Kama ni samaki wabichi au nyanya, sihitaji kuwaeleza wasomaji wa gazeti hili asubuhi itakuwaje.

Wafanyabiashara wazoefu wa Mpondwe wana njia zao, na nimeziiga. Kwenye karatasi huandika majina yote, kwa mpangilio uleule wa kitambulisho, kila mara, hata kama nafasi ni finyu. Hawatafsiri jina wakivuka daraja. Mdomoni unaweza kuwa Kambale siku nzima, lakini stakabadhi ibaki Bwambale kama kitambulisho kinavyosema. Wakimwandikia mteja wa Kongo huomba kadi yake na kunakili herufi kwa herufi badala ya kuandika wanavyosikia. Na wakati wa kutuma fedha husoma jina la pili na la tatu. Hilo la mwisho nimelilipia makato.

Mimi ningeongeza jambo moja kwa wakubwa wa Jumuiya, ambayo Kongo ilijiunga nayo rasmi mwaka 2022. Tumeshazungumza sana kuhusu ushuru na viwango vya bidhaa. Orodha fupi ya majina pacha, Bwambale na Kambale, Kule na Kakule, ikibandikwa kwenye madirisha ya Mpondwe na Kasindi haitagharimu zaidi ya karatasi moja na gundi, na afisa mgeni angeisoma siku yake ya kwanza.

Jambo la kushangaza ni kwamba jina linalofanya kazi ya Wesley na Smith lipo, tena linavuka mpaka bila taabu. Ni ukoo wenyewe. Abaswagha wapo Kasese, na Baswagha ni jina la eneo la kichifu huko Lubero. Abathangi na Batangi, Abasu na Bashu, ni hivyo hivyo. Watu wazima wakikutana kwenye msiba huulizana ukoo kabla ya kijiji, na kwa ukoo wanajua nani anaweza kuoa wapi. Ila sijaona fomu hata moja ya mpakani inayouuliza.

Anayeuuliza ni mwenye duka. Kuna mama mmoja karibu na soko anayeuza kwa mkopo kwa watu wa pande zote mbili, na daftari lake la madeni lina mistari mirefu kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Jina la zamu, jina la pili, ukoo, kijiji, kisha kiasi. Nilipomwonyesha simu yangu yenye Bwambale wanne alitikisa kichwa, akaichukua, akaniuliza habari za kila mmoja kwa zamu, na kwa yule wa nne, niliyemhifadhi kwa jina la Bwambale tu, akaandika Muswagha.