Bahari ya Hindi na Mvua za Magunga

Mkulima wa Magunga, karibu na vilima vya Gwassi, atakapo kujua habari za mvua hutazama ziwa. Ziwa Victoria li karibu naye. Radi zake huzisikia usiku, na upepo wake humfikia mchana. Bahari ya Hindi i mbali naye, karibu kilomita 700, na wengi wa majirani zake hawajapata kuiona. Hata hivyo yafaa ijulikane ya kuwa bahari hiyo ina nguvu kubwa juu ya mvua za mwisho wa mwaka, na mtu asiyepata habari zake aweza kupoteza mbegu zake, au kujenga nyumba mahali ambapo maji yatakuja kuifuata.

Kazi ya ziwa si ndogo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kushika mahali pake. Ndipo mawingu hukusanyika juu ya vilima, hata milima ya Kisii. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo huelekea ziwani, na radi hupiga juu ya maji. Lakini pepo hizi huwapo mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Peke yake haziwezi kueleza kwa nini mwaka mmoja mvua ni haba, na mwaka mwingine ni mafuriko.

KUSI NA KASKAZI

Watu wa pwani wanazijua sana pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kwa upepo huo majahazi yalikuwa yakija kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, na kwa upepo huo yalirudi kwao. Pepo hizi hufuata jua. Jua likiwa kaskazini, bara la Asia hupata joto na kuvuta hewa kutoka kusini. Likiwa kusini, Asia hupoa na upepo hugeuka. Katikati ya majira hayo, hewa ya kaskazini na ya kusini hukutana karibu na ikweta, hupanda, na mvua hunyesha. Ndiyo sababu kuna misimu miwili: masika ya Machi hata Mei, ambayo kwa Kijaluo huitwa chwiri, na vuli ya mwisho wa mwaka, yaani opon.

Wakati wa vuli ndipo bahari hutia neno lake. Kwa desturi, pepo za ikweta huvuma kutoka upande wa Afrika kwenda Indonesia, zikisukuma maji ya joto yakae huko, na mvua nyingi hunyesha huko. Lakini miaka mingine mambo hupinduka kama vitanga vya mizani. Maji ya karibu na Sumatra hupoa, maji ya upande wa Afrika hupata joto, na pepo hugeuka zikaleta unyevu bara. Pepo zikigeuka, maji ya joto huzidi kuja upande huu. Na maji hayo yakizidi, pepo nazo huzidi kugeuka. Hivyo bahari na upepo husaidiana, hata mvua ikapita kiasi. Mwaka 1999 wataalamu Saji, Yamagata na wenzao waliieleza hali hii, nayo huitwa Daipoli ya Bahari ya Hindi.

USHAHIDI WA ZIWA

Wengi husikia habari za Elnino tu, yaani kule kupata joto kwa Bahari ya Pasifiki, wakadhani mafuriko yote hutoka huko. Mwaka 1961 hapakuwa na Elnino, lakini mizani ya Bahari ya Hindi iliinama, na mvua za mwisho wa mwaka zikanyesha kupita kiasi katika Afrika Mashariki. Kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda karibu mita 2 na nusu, yaani futi 8. Mwaka 1997 Elnino na Daipoli zilikuja pamoja, na mafuriko yakawa makubwa. Mwaka 2015 Elnino ilikuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa, lakini mvua hazikufika zile za 1997, kwa kuwa mizani ya bahari iliyo karibu haikuinama sana.

Mwishoni mwa 2019 mizani iliinama tena kwa nguvu. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilionyesha mita 13.42, kupita mita 13.41 za mwaka 1964. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hutoka katika mvua inyeshayo juu yake lenyewe, na mto utokao ni Nile peke yake. Kwa hiyo likijaa halipungui upesi.

Mizani huweza pia kuinamia upande wa pili. Ndivyo ilivyokuwa 2022, na Lanina, yaani kupoa kwa Pasifiki, ilikuwapo pia. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo kaskazini na mashariki ya Kenya, katika Somalia, na kusini ya Ethiopia.

FAIDA YA KUJUA

Maji ya bahari hayabadili joto lake kwa siku moja. Kwa hiyo Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huweza kutoa utabiri wa vuli kabla ya Oktoba. Masika ni magumu zaidi kutabiri. Utabiri si ahadi, bali humwonyesha mtu upande ambao mizani yaelekea kuinama. Akisikia upande wa Afrika una joto, na azibue mifereji ya shamba na kuondoa vitu vyake ufukoni. Akisikia kinyume chake, na achague mbegu zinazokomaa upesi, asiuze akiba yote ya nafaka. Na ajengaye kando ya ziwa aulize kwanza maji yalifika wapi mwaka 1964 na mwaka 2020, kisha ajenge juu ya hapo.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walisema kweli, lakini mawingu nayo yana dalili yake, na mara nyingi dalili hiyo huonekana baharini miezi kadhaa kabla tone la kwanza halijaanguka Magunga.