Wanaolipia Pombe Wasiyoinywa

Barabara ya lami inayochepuka Katito kuelekea Kendu Bay na Homa Bay hupita Pap Onditi, makao makuu ya Nyakach. Mchana kila mtu huitumia: matatu, lori la mchanga, wanafunzi, mama mwenye karai la samaki kichwani, na ng'ombe wasiojali honi. Ijumaa jioni huongezeka misafara ya matanga, kwa kuwa maiti nyingi huku Nyanza hutolewa mochari mwisho wa juma ili mazishi yawe Jumamosi. Si kila msafara una chupa, wala si kila chupa inamfikia dereva. Inapomfikia, hesabu tunayoifanya baadaye huwa fupi mno: dereva alilewa, akafa, au akashtakiwa, basi. Sura hii inadai kwamba hesabu hiyo imeanzia pabaya. Sehemu kubwa ya bili ya ulevi barabarani hulipwa na watu ambao siku hiyo hawakuonja hata tone, na kwa kuwa hawaandikwi popote, tunaendelea kuiona bili hiyo kuwa ndogo.

Tuanze na daftari lenyewe. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, iliripoti vifo 4,324 nchini Kenya mwaka 2023 na 4,748 mwaka 2024. Kundi linalokufa zaidi ni la waendao kwa miguu, yaani hata anayeuawa mara nyingi si yule aliyeshika usukani. Ukitafuta pombe miongoni mwa vyanzo, hutajwa mara chache. Wengine huishika takwimu hiyo kama ushahidi kwamba ulevi si tatizo kubwa. Lakini damu ya majeruhi hupimwa na nani? Daktari aliye zamu anahangaika kuzuia isimwagike, si kuipima kilevi, na polisi huandika kinachoonekana: mwendo kasi, kupita gari vibaya, kushindwa kulimudu gari. Daktari Wilson Odero na wenzake walipopima majeruhi wa barabarani mjini Eldoret miaka ya 1990, karibu robo walikutwa na pombe damuni, na miongoni mwao walikuwamo madereva, abiria na watembea kwa miguu. Daftari lisilouliza swali haliwezi kutumiwa kama jibu.

Kuna pia kosa la saa. Ini huondoa pombe polepole, na bia moja ya nusu lita huchukua takriban saa mbili kuisha mwilini. Supu, kahawa na maji baridi havibadilishi chochote; humwamsha mlevi akabaki mlevi aliye macho. Aliyekunywa chupa sita kuanzia saa mbili usiku bado ana pombe damuni saa kumi na mbili asubuhi anapoita abiria wa kwanza wa Kisumu, na atakuapia kwamba alilala akapona.

Gari likipinduka kati ya Katito na Sondu, anayefika kwanza si mhudumu wa ambulensi. Ni mwendesha boda, mama wa mahindi ya kuchoma, kijana wa kuosha magari. Wanafika kwa sababu wako hapo. Majeruhi aliyevunjika mguu huvutwa kwa makwapa, kichwa kikining'inia, kisha hupakiwa kwenye pikipiki, amebanwa kati ya mwendeshaji mbele na msamaria nyuma anayemshika kiuno asianguke. Mikono ya wote wawili imelowa damu isiyo yao, bila glavu. Kama uti wa mgongo ulikuwa umepona katika ajali, huenda safari hiyo ndiyo ikauvunja. Hatuwezi kuwalaumu. Walichofanya ndicho walichoweza, na bila wao wengi wangefia mtaroni. Kutoka Pap Onditi hadi hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa Kisumu bado huiita Russia, ni zaidi ya kilomita 40, na mtu anayevuja damu ndani hana muda wa kusubiri simu ipokewe.

Baada ya hapo mwendesha boda hurudi steji, huosha kiti kwa ndoo ya maji na kuendelea kutafuta abiria. Askari na muuguzi angalau wana cheo na kazi inayoeleza kwa nini waliona walichokiona. Yeye hana. Hakuna anayemuuliza kama analala usiku, au kama damu ile imempa wasiwasi wa kwenda kupimwa. Anaweza hata kuitwa kituoni kuandika taarifa na kupoteza mapato ya siku nzima. Ndipo kesho mwingine anapoogopa kugusa majeruhi, tukamwita mkatili.

Bili ya familia huja kwa awamu. Kifo kina utaratibu wake: kamati, mchango wa M-Pesa, basi la kukodi, ng'ombe wa kuwalisha waombolezaji. Majirani wanajua la kufanya. Ulemavu hauna kamati. Aliyevunjika paja hulazwa wiki nyingi, ndugu wakitafuta pesa za vyuma vya kuunganisha mfupa. Aliyeumia kichwa hurudi nyumbani akiwa mtu mwingine, mwenye hasira, asiyekumbuka jina la mtoto wake wa mwisho. Mke huacha kibanda chake sokoni ili amgeuze kitandani. Binti mkubwa hukosa karo. Na tusiisahau nyumba ya dereva mwenyewe. Sheria ya Trafiki inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji hatari, na mama yake mfungwa huchota maji kisima kimoja na mama wa marehemu.

Wapo watakaosema kwamba wauaji wakubwa ni mwendo kasi na magari mabovu. Wana hoja. Agosti 2025 basi lililokuwa likirudisha waombolezaji Nyakach kutoka Nyahera lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, Kisumu, likaua zaidi ya watu 20, wala siitaji ajali ile hapa kama ya ulevi. Ila pombe haishindani na vyanzo vingine, huvikoleza: dereva mlevi hukanyaga mafuta zaidi, na shimo huliona akiwa tayari ndani yake. Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba kipimo cha pumzi, Alcoblow, kilichoanza kutumika Desemba 2013, kiligeuka mlango wa hongo. Ni kweli wananchi walilalamika, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kanuni zake hazilingani na Sheria ya Trafiki. Hilo linadai kanuni safi na askari wanaochunguzwa. Halimfanyi dereva mlevi kuwa na mkono mwepesi zaidi kwenye usukani. Wanaosema ajali ni mpango wa Mungu sitabishana nao sana. Hata wao hufunga breki mteremkoni.

Lakini doria hata ikiwa bora haitamfikia yule mwendesha boda wa steji, na yeye anaweza kusaidiwa kwa gharama ndogo. Kampala iliwahi kufundisha zaidi ya watu 300 wa kawaida, wakiwemo polisi na madereva wa teksi, kuzuia damu na kumbeba majeruhi bila kumuumiza zaidi. Pap Onditi ina steji, ina hospitali, ina watu wanaofika kwanza kila mara. Kinachokosekana ni mafunzo ya siku chache, boksi la glavu na ubao wa kumlaza mtu. Mwakilishi wa wadi yako hakosi kushika maikrofoni matangani Jumamosi. Akimaliza kutoa mchango wake, muulize boksi hilo la glavu litafika steji lini.